Mashine ya kuchomelea, umeme wa Kihansi na gereji ya uani Ifakara

Najua nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, tesiti zilibana na boom nalo lilikuwa linasuasua. Leo nimepata nafasi, basi nawaletea historia. Si ile ya Mkutano wa Berlin tuliyokaririshwa tangu sekondari, hapana. Leo ni historia ya mashine ya kuchomelea vyuma. Msicheke kwanza...

Swali limetoka nyumbani, Ifakara. Mdogo wangu ana magari mawili uani anataka kuyafufua mwenyewe: pikapu ambayo chasisi imeliwa na kutu, na Noah ambayo sakafu imetoboka mpaka abiria wa nyuma anaona barabara. Hela ya mpunga ipo, ila ni ya mara moja. Anataka mashine ya kuchomelea ya bei nafuu, aanze na hayo mawili halafu apate ya majirani. Akinunua sivyo, msimu mzima wa mama shambani umekwenda na maji. Kila anayemuuliza anamtajia bei: ile ya rangi nyekundu bei hii, ile ya bluu bei ile. Mimi nasoma historia, kwa hiyo nikaamua kuanzia mbali kidogo. Na nilichokiona ni hiki: katika Bonde la Kilombero, fundi hajawahi kuchagua mashine peke yake. Umeme ndio uliokuwa unamchagulia. Upo au haupo, una nguvu au umechoka, unafika uani au unapita juu kwa juu.

Tuanze na zamani. Kuunganisha chuma na chuma si jambo lililoletwa na meli. Wahunzi wa Ufipa walikuwa wanayeyusha chuma kwenye matanuri marefu ya udongo, na Wakinga na Wapangwa kule milimani kusini walijulikana kwa ufuaji. Mhunzi akitaka vipande viwili viwe kimoja, anavipasha moto mpaka vinakaribia kuwa vyeupe, anaviweka pamoja na kuvigonga. Vinashikana kweli kweli. Ila njia hiyo inataka chuma kinene kinachoingia kwenye moto. Huwezi kuingiza mlango wa gari kwenye tanuri ukaugonga, utatoka na kitu kingine!

Njia mpya ilikuja Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Mrusi mmoja, Nikolai Benardos, alionyesha kwenye miaka ya 1880 kwamba cheche ya umeme inaweza kuyeyusha chuma na kukiunganisha. Mwaka 1892 Thomas Willson, Mkanada aliyekuwa Marekani, akapata njia ya kutengeneza kabaidi kwa wingi. Kabaidi ukiitia maji inatoa gesi ya asetilini, na asetilini ikichanganywa na oksijeni inatoa moto wa nyuzi zaidi ya 3,000. Kisha akaja Mswidi Oscar Kjellberg, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, na kijiti kilichopakwa dawa. Ile dawa inapoungua inatoa moshi unaozuia hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka, na inaacha ganda juu ya kiungo ambalo fundi analigonga kwa nyundo. Ukipita gereji yoyote ukaona fundi anagonga ganda jeusi, hiyo ni kazi ya Kjellberg hadi leo.

Kwa hiyo tangu mwanzo wa karne ya 20 dunia ilikuwa na njia mbili: ya gesi na ya umeme. Ya gesi inatembea, haihitaji waya wa mtu. Ya umeme inataka umeme. Shikeni hapo, maana ndipo kwetu panapoingia.

Bondeni kwetu kazi kubwa za chuma zilikuja na viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilianza kiwanda cha sukari cha Kilombero. Kiwanda cha sukari ni mabomba ya mvuke, matangi na mitambo ya kukamulia miwa, na vitu hivyo haviendi mwezi bila mtu wa kuchomelea. Halafu ikaja kazi kubwa zaidi. Mwaka 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya reli, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na mwaka 1975 njia ilikuwa imekamilika: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. TAZARA inapita katikati ya bonde letu, Kidatu, Mang'ula, Ifakara mpaka Mlimba, kabla ya kupanda milima kuelekea Makambako.

Wengi mnaijua reli. Wachache wanaijua karakana. Pale Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, Wachina waliweka kambi kubwa na karakana ya kuhudumia ujenzi. Baada ya reli ikabaki kama kiwanda cha umma, Mang'ula Mechanical and Machine Tools. Fikirieni: mashine za kukereza na kuchomelea chuma katikati ya mashamba ya mpunga na miwa! Kiwanda hicho baadaye kilipita mikono mingi na kilizorota kama viwanda vingi vya umma vya wakati ule. Lakini ufundi hauna geti. Kijana aliyeshika koleo la kijiti akiwa na miaka 20 hawezi kusahau akifika 40, hata kama kiwanda kimefungwa. Mjomba wangu mmoja alijifunzia kwa mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye reli, na mdogo wangu amejifunzia kwa mjomba. Hivyo ndivyo ilivyotembea, mkono kwa mkono, na cheti hakuna.

Shida haikuwa ufundi. Shida ilikuwa mashine.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupanda, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Wazazi wetu wanakumbuka foleni za sabuni na sukari. Sasa kama sabuni ni ya foleni, nani atakuletea mashine ya kuchomelea kutoka Ulaya? Serikali ilikuwa imeanzisha SIDO mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, lakini fundi wa mtaani aliishi kwa akili yake. Na akili hiyo ilizaa kitu ambacho mpaka leo kipo kwenye gereji nyingi Afrika Mashariki: mashine ya kienyeji, ya kusuka kwa mkono.

Ukiifungua utashangaa ilivyo rahisi. Ndani kuna mabati membamba ya chuma yaliyopangwa, mara nyingi kutoka kwenye transfoma iliyokufa. Upande mmoja umezungushiwa waya mwembamba mizunguko mingi, huo unaingia kwenye umeme. Upande wa pili waya mnene wa shaba mizunguko michache, huo unakwenda kwenye kijiti. Mizunguko ikiwa na uwiano wa karibu nne kwa mmoja, volti 230 zinazoingia zinatoka kama 60, lakini ampea zinapanda. Kuna bolti kadhaa zimetokeza nje, ukitaka moto mkali unahamisha waya kutoka bolti hii kwenda ile. Basi. Hakuna saketi wala feni. Ikiungua, unasuka tena. Kwa nchi isiyokuwa na fedha za kigeni ile ilikuwa mashine ya bei nafuu kuliko zote, na naiheshimu sana.

Ila ina ulafi. Tupige hesabu kidogo (wa Arts msikimbie). Kijiti cha milimita 2.5 kinahitaji kama ampea 90. Kwa uwiano ule wa nne kwa mmoja, mashine ya kienyeji inavuta kwenye waya wa nyumba ampea 23 hivi. Ndiyo maana fundi akianza kazi taa za majirani zinafifia, friji linanguruma, na matusi yanaanza. Halafu geuza upande wa pili: umeme ukishuka jioni mpaka volti 180, zile 60 za kwenye kijiti zinakuwa 47 tu. Kijiti kinaanza kunata, kinawaka na kuzima, kiungo kinatoka na matundu. Mteja anasema fundi hajui kazi. Kumbe fundi anajua, umeme ndio haujui.

Na hapa ndipo historia ya bonde inaponiuma. Umeme wenyewe unatoka kwetu! Mtambo wa Kidatu kwenye Mto Ruaha Mkuu ulianza mwaka 1975, na ulipopanuliwa mwaka 1980 ukafikia megawati 204. Mwaka 2000 ukazinduliwa mtambo wa Kihansi, megawati 180, kwenye maporomoko ya mto unaoshuka bondeni kwetu. Watu wengi duniani wameisikia Kihansi kwa sababu ya yule chura mdogo aliyepelekwa Marekani asipotee. Waya je? Waya wa kilovolti 220 kati ya Kihansi na Kidatu unapita kwetu, karibu na Ifakara. Umeme wa kuwasha miji mikubwa ulikuwa unapita juu ya vichwa vya mafundi, na wao chini wanategemea laini ndefu ya msongo wa kati iliyochoka kabla haijafika. Huwezi kuchomeka koleo la kijiti kwenye kilovolti 220. Unahitaji kituo cha kupoza umeme. Kituo hicho Ifakara kimejengwa kwenye miaka hii ya 2020, yaani zaidi ya miaka 20 baada ya waya kupita. Vijijini nako, Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, na vijiji vingi vilipata nguzo baada ya hapo.

Ndiyo maana gesi ilidumu. Fundi bodi wa Ifakara hakung'ang'ania pipa la kabaidi kwa ushamba. Mtungi wa oksijeni unapandishwa kwenye basi au treni, kabaidi inakaa kwenye kopo, maji yapo, kazi inaendelea hata nguzo zikianguka. Tena kwa bati jembamba la gari moto wa gesi ni mzuri, unautuliza polepole bila kutoboa. Tatizo ni kwamba asetilini haina utani. Moto ukirudi nyuma kwenye mpira mpaka kwenye pipa lisilo na kizuizi, linapasuka kama bomu. Hakuna kiungo cha Noah kinachostahili mkono wa mtu.

Wakati sisi tunasuka shaba, huko nje mambo yalibadilika. Mwaka 1977 kampuni ya Kemppi ya Ufini ilitoa mashine inayoitwa Hilarc 250, moja ya mashine za kwanza za inveta. Inveta inafanyaje? Inachukua umeme wa nyumbani, inaunyoosha uwe wa mkondo mmoja, halafu inaukatakata mara makumi ya maelfu kwa sekunde kabla ya kuupitisha kwenye transfoma. Umeme unaokatwa haraka hivyo unahitaji transfoma ndogo sana, kama ngumi. Ndiyo maana mashine iliyokuwa inabebwa na watu wawili leo inaning'inia begani kama mkoba wa laptopu. Mwanzoni zilikuwa za matajiri. Transista zilipokuwa bora na viwanda vya China vilipoingia kwa wingi, bei ikaporomoka, na leo Kariakoo zimepangwa kama redio. China ile ile ya Mang'ula, safari hii kwa kontena.

Rudi kwenye hesabu yetu. Kwa zile ampea 90, inveta inavuta kwenye waya wa nyumba kati ya ampea 11 na 16 hivi, badala ya 23. Luku inapumua, majirani wanapumua, na jenereta ya wastani inaweza kuibeba. Kwa mara ya kwanza fundi wa uani Bonde la Kilombero anaweza kuchagua kweli. Sasa achague nini?

Nilimwandikia mdogo wangu hivi. Kwanza angalia chuma, halafu ndiyo uangalie mashine. Chasisi ya pikapu ni chuma cha milimita mbili au tatu. Inveta ya vijiti inatosha kabisa, na ndiyo ya bei ndogo zaidi. Sakafu ya Noah ni bati la milimita 0.7 au 0.8; kijiti cha 2.5 kitatoboa kama sigara kwenye nailoni. Bati kama hilo linataka moto wa gesi wa fundi mzoefu, au mashine ya waya unaojisukuma wenyewe. Mashine ya waya kwa kawaida inahitaji mtungi wa gesi ya kukinga, na kujaza mtungi ni safari na gharama. Lakini zipo zinazotumia waya wenye dawa ndani, hazihitaji mtungi. Ni lile wazo la Kjellberg limegeuzwa: dawa imehamia tumboni. Kiungo hakitoki kisafi sana, ila kwa sakafu ya gari na kwa mtu asiye na mtungi, inafaa. Siku hizi kuna mashine moja inayofanya yote mawili, vijiti na waya. Ni ghali kuliko ya vijiti tu. Kama kazi nyingi ni bodi, hela hiyo inarudi. Kama nyingi ni chasisi, matrela ya trekta na mageti, anunue ya vijiti na bodi ampelekee fundi wa gesi.

Pili, usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Mashine inaandikwa 250 au 300 kwa rangi, ndani kuna uwezo wa nusu yake. Tafuta kibati chenye asilimia. Asilimia 60 kwa ampea 90 maana yake ndani ya dakika 10 unachomelea 6, unaipumzisha 4. Ukipandisha mpaka ampea 120, mashine ile ile inashuka kwenye theluthi moja hivi, dakika 3 na ushee. Kama hakuna kibati hicho, au muuzaji anacheka ukimuuliza, hamia duka la pili.

Tatu, uliza inavumilia volti ngapi. Hili kwetu ndilo kubwa kuliko yote, historia imeshatuonyesha. Inveta nyingine zinafanya kazi umeme ukishuka hata chini ya 180, nyingine zinazima, nyingine zinakufa moja kwa moja. Na inveta ikifa huisuki kwa mkono kama ya kienyeji, inataka mtu wa elektroniki na vipuri. Kabla ya kununua, chukua mita ya fundi umeme, pima volti pale uani asubuhi, mchana na saa mbili usiku, siku kadhaa. Andika. Ndipo uende dukani na karatasi yako.

Nne, hesabu vitu ambavyo havimo kwenye boksi: barakoa ya kweli, siyo miwani ya jua, maana macho yakichomwa usiku yanajaa kama mchanga, glavu kavu, waya mnene wa kutosha na klampu ya ethi inayobana. Masika yakija bonde linajaa maji, na kuchomelea umesimama kwenye tope ni kuita msiba, hasa kwa mashine ya kusuka ambayo waya wake umevaa nguo iliyopasuka. Inveta nayo haipendi unyevu wala vumbi la mashine ya kukoboa mpunga, iinue juu ya ubao. Na kwenye gari, chomoa betri kabla ya kuchomelea na usiguse karibu na tangi la mafuta. Ukijumlisha vyote hivi na bado hela inatosha, hapo ndipo mashine inaitwa ya bei nafuu.

Mwisho kabisa, kuna jambo nimeondoka nalo. Tunapenda kusema fundi wa mtaani anabahatisha, kazi yake ya kienyeji. Lakini kila kiungo kibaya ulichokiona kina historia nyuma yake: kiwanda kilichofungwa, waya uliopita bila kushuka, volti zilizoishia njiani. Gharama ya kituo cha kupoza umeme ambacho hakikujengwa kwa miaka 20 ililipwa kidogo kidogo na mafundi, kwa vijiti vilivyonata, injini za jenereta na wateja waliokasirika. Tuna daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, na barabara ya kutoka Kidatu iliyoanza kujengwa kwa lami mwaka 2017 inaleta magari mengi zaidi. Magari yakija, kutu inakuja nayo. Kazi ipo. Mafundi wapo tangu zamani. Kilichokuwa kinakosekana ni volti.

Dogo ameshaanza kupima, anaandika kwenye daftari la zamani la hesabu. Mimi narudi kwenye asaimenti ya Jumatatu, kabla mwalimu hajanichomelea. Msalimiane, na wa Mlimba, Malinyi na Mahenge nawasalimu kwa namna ya pekee. Baadaye!